Dirisha la Oiva

Tiketi ya bei hii haina dirisha.
Tulijua. Rauno aliisoma mara mbili mezani,
akasema, "Usiku bahari haionekani hata hivyo,"
nami nikajumlisha: likizo ya vuli, watu wanne,
Turku hadi Stockholm na kurudi, chakula cha jioni kimo.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nikalipa.

Chumba kiko chini ya ghorofa ya magari.
Juu ya dari malori yamefungwa minyororo,
na kila meli inapoinama kidogo
minyororo husaga meno.
Oiva, miaka sita, alipapasa ukuta mzima
kama mtu anayetafuta swichi,
kisha akatuuliza, kwa adabu ya kutisha:
"Wamelisahau, au hatukulinunua?"

Tukaenda kula.

Lempi na mipira ya nyama kumi na saba,
aliihesabu kwa vidole vyake, akaazima vya kaka;
mzee mmoja akirundika kamba sahanini
kama anayejenga kichuguu;
sili mkubwa wa manyoya akipita, akikumbatia watoto,
na Lempi amekunja uso, ananinong'oneza:
"Mama, ndani ya sili kuna mtu anakohoa."

Bwawa la mipira lilimeza soksi moja ya bluu.
Rauno akazama humo hadi kiunoni,
mwashi wa miaka arobaini na mmoja,
akaibuka na soksi tatu, zote za watu wengine.
Nilicheka mpaka nikashika nguzo.
Mwaka mzima tulikuwa tukizungumza
kwa vikaratasi vya mlango wa jokofu:
mimi zamu ya usiku, tanuri la mikate; yeye alfajiri;
watoto tukipokezana kizingitini kama kijiti.
Sikuwa nimemwona akitafuta kitu kwa raha.

Tuliporudi chumbani Oiva alichora.
Nyuma ya menyu. Kalamu mbili tu, nyekundu na kijani.
Fremu, pazia, bahari ya kijani, jua jekundu,
nyangumi mwenye miguu
("ya kupandia ngazi," alieleza).
Akaibandika kwa plasta za vidonda, zote tulizobeba,
akalala ameielekea.

Saa tisa usiku Lempi akaamka.
"Nataka ile ya kweli."

Nikambeba. Korido, zulia, lifti, ghorofa ya nane.
Mwanamke mwenye viatu mkononi, kope zimechuruzika wanja,
alituinamia kichwa kama tumekutana kanisani.
Nikausukuma mlango kwa bega. Upepo
ukatupiga kofi, mmoja mmoja.
Mbele yetu hakukuwa na kitu.
Si mawimbi, si anga. Weusi, na sauti ya kuraruka.

Lempi alitazama muda mrefu.
"Wameizima," akasema.
"Nini?"
"Bahari."

Nilikuwa na majibu: mawingu, mwezi wa kumi,
jua letu linavyokwenda likizo ndefu kuliko sisi.
Nikamfungia ndani ya koti langu badala yake,
kola moja, vichwa viwili,
nywele zake zikinuka klorini na ketchapu,
tukangoja.
Upande wa kushoto, juu ya mwamba, taa ikawaka.
Ikazimika. Ikawaka.
"Wanajaribu," akasema,
na akalala hapo hapo, amesimama.

Asubuhi walitaka chumba haraka, meli inageuka saa moja.
Mabegi, koti, jino la mswaki lisilo na mwenyewe.
Rauno akanyoosha mkono abandue ile karatasi.
"Iache," Oiva akasema.
"Watakaokuja nao hawakulinunua."

Kwenye ngazi goti la Lempi likachubuka.
Plasta hatukuwa nayo hata moja.